Hengi ya Bwana Shamba

Katika kijiji chetu, kwenye milima ya Mbinga upande wa Mbuji, mke mpya akiunguza ugali hakuambiwa kwamba hajui kupika. Aliambiwa hana hengi. Katekista kijana aliyepotea katikati ya litania hakuwa na hengi. Fundi baiskeli alikuwa na hengi ya kuziba pancha lakini hakuwa na hengi ya breki, na hilo la pili tulilijua wote, kwa sababu barabara yetu huteremka. Hengi ni kile kitu ambacho mkono hukipata baada ya kurudia kazi mpaka kichwa kiache kuingilia. Nililelewa nalo neno hilo pamoja na Kimatengo cha mama yangu, nikaamini ni letu tangu milima ilipowekwa mahali pake.

Nikiwa mwaka wa pili chuo kikuu niliandika insha ndefu juu ya maneno ya kilimo katika Kimatengo. Hengi niliipa ukurasa mzima. Nilidai kwamba ni neno la kale la Kibantu, nikalihusisha na kitenzi "jenga", nikachora hata mshale kutoka moja hadi jingine. Mhadhiri wangu, mtu mpole, aliandika pembeni kwa wino mwekundu maneno matatu tu: "Si Kiingereza hiki?" Nilinuna siku mbili. Siku ya tatu, nikiwa kwenye foleni ya chakula, nilikumbuka lilikotoka, nikacheka peke yangu mpaka mpishi akaniuliza nataka wali au nataka daktari. Nilichukua wali, nikashindwa kuula. Nilikuwa nimemkumbuka Bwana Shamba.

Jina alikuwa nalo, na baba yangu alilijua, lakini sisi wengine tulimwita kwa kazi yake kama tulivyomwita padri kwa yake. Aliletwa na serikali kutoka Tanga, miaka ile ya mwanzo ya vijiji vya ujamaa, akapangishwa chumba kwenye nyumba ya jirani yetu. Alivaa kaptula ya kaki iliyopigwa pasi, soksi ndefu za kufika magotini, na kofia ya kushonwa kwa mkono ambayo haikutoka kichwani hata mvua iliponyesha kwa ubavu. Baiskeli yake ilimfikisha hadi Litumbandyosi na kumrudisha, ingawa kwa milima yetu ni sawa kusema yeye ndiye aliyeifikisha baiskeli.

Kitu cha kwanza tulichompendea ni Kiswahili chake. Kwetu Kiswahili kilikuwa lugha ya shule, ofisi na mnada. Tulikivaa kama viatu vya Jumapili, na kilitubana. Yeye alikivaa kama shuka ya kulalia. Akifika kwa mama anayeuza ndizi alisimamisha baiskeli na kuuliza, "Bibiye, ndizi hizi unaziuza au unaziringia tu?" Mama huyo alimwongeza mbili, si kwa sababu ya bei, bali ili aseme tena.

Alikuwa Mwislamu peke yake katikati ya Wakatoliki, na jambo hilo alilibeba bila kelele. Alikemea pombe katika kila mkutano, akitaja hasara zake moja baada ya nyingine, kisha mkutano ukiisha alimsaidia bibi kizee kubeba mtungi wake wa pombe kupandisha kilima, akihema, akisema anabeba mtungi tu, kilichomo hakijui. Kina mama walimpikia togwa yake mbali na chungu cha wengine. Jumapili, tukiwa kanisani, alikaa nje ya nyumba akisafisha mnyororo wa baiskeli, na tulipotoka alituuliza sisi watoto, "Haya, mmeambiwa nini leo?" Tukishindwa kujibu alisikitika kuliko katekista.

Alikuwa na misemo. "Ardhi haina haraka, ila haisahau." Huo niliunakili kwenye daftari la hesabu, na mwalimu akanichapa kwa kuchafua daftari. Mwingine: "Mpe kahawa kivuli, mpe mtoto kitabu, mpe mwanamume kazi ya kufanya." Baba aliipenda nusu ya kwanza.

Tena alikuwa na ukinzani mmoja uliomchekesha baba hasa. Mikutanoni aliwasema watu wenye kasumba ya kikoloni, wanaochanganya Kiingereza ili waonekane wasomi. Lakini mfukoni mwa shati alikuwa na kidaftari cha sentensi za Kiingereza alizookota huku na huko, na kila moja aliijua ilikotoka, kama mtu anayejua mbuzi wake. Kubwa kuliko zote aliipata chuo cha kilimo, na alitusimulia uani kwetu siku moja mama na majirani walipokuwa wakipukuchua maharage.

Walikuwa wakifundishwa kupogoa mibuni. Mwalimu wao alikuwa Mwingereza mwenye masharubu. Bwana Shamba, kijana wakati huo, alikata tawi la kubaki akaacha la kuondoka, mara moja, mara mbili. Yule Mzungu akatikisa kichwa, akampiga bega, akasema: "You will get the hang of it." Kisha akaenda zake.

"Sasa," Bwana Shamba alisema, akiinua kidole, "mimi Kiingereza nilikuwa nacho cha kitabuni. Neno 'hang' nalijua. Ni kunyonga. Na 'get' ni kupata. Nikajumlisha. Nimeharibu mbuni wa serikali, basi nitapata kunyongwa."

"Yesu wangu!" alisema jirani yetu, mama mnene mwenye mdomo mwepesi. "Kwa tawi moja?"

"Matawi mawili, dada. Na huo ulikuwa utawala wao, ulikuwa hujui wananyonga kwa nini na wanasamehe kwa nini. Siku tatu sikula. Nikamwandikia mama yangu barua ya kumuaga, nikamwambia baiskeli apewe mdogo wangu. Siku ya nne mpishi wa chuo, mzee aliyewahi kuwa askari wa mfalme wao, akaniuliza, kijana, mbona unakonda? Nikamwambia. Alicheka akakaa chini. Akasema, mwanangu, huyo kakubariki. Kakuambia utazoea, mkono utaijua kazi."

"Na barua?" mama aliuliza. Mama yangu alikuwa mtu wa kuuliza lile swali moja ambalo wengine wameliruka.

Bwana Shamba alikuna kisogo. "Barua ilikwishakwenda. Mama alikaa matanga."

Uani palilipuka kicheko. Baba alilazimika kwenda nyuma ya nyumba. Bwana Shamba akangoja wanyamaze, akasema kwa utaratibu wa mhubiri: "Neno moja la Mzungu lina watoto wawili. Mmoja ananyonga, mwingine anafundisha. Tangu siku hiyo nikiona mtu anajifunza kazi, namwambia hivyo hivyo. Usiogope. Utapata hengi."

Kesho yake jirani yetu alimwambia binti yake aliyemwaga maji kisimani kwamba bado hana hengi. Kufikia mavuno neno lilikuwa limevuka bonde. Kufikia mwaka uliofuata, nadhani, lilikuwa limesahau kwamba liliwahi kuwa na pasipoti.

Lakini Bwana Shamba hakuletwa kwetu kufundisha Kiingereza. Aliletwa na waraka. Waraka ulisema shamba la ujamaa lilimwe kwa matuta marefu yaliyonyooka, kama ya kwenye picha, na wananchi waachane na mashimo yao. Mashimo yenyewe ndiyo ngoro. Kwa asiyeyajua: majani hufyekwa mlimani na kulazwa kwa mistari inayokatana mpaka itoke miraba, kisha udongo wa katikati ya kila mraba huchimbwa na kufunikia majani hayo. Hubaki shimo katikati na kingo nne kuzunguka, na maharage hupandwa kwenye kingo. Ukitazama kutoka ng'ambo ya bonde, mlima mzima ni kama sega la nyuki. Mvua ikija, kila shimo hushika maji yake na kunyamaza.

Kijiji kililima matuta kama waraka ulivyotaka. Mwezi wa tatu mvua ilinyesha siku mbili mfululizo, na shamba la ujamaa likashuka bondeni likiwa na mbegu zake. Ngoro za watu binafsi, kushoto na kulia, zilibaki zimekaa kama wazee kwenye baraza. Bwana Shamba alisimama pale na soksi zake ndefu zimejaa matope. Baadaye aliandika taarifa, akaeleza kwamba ngoro ni bora na shamba la ujamaa lilimwe hivyo.

Jibu la mkubwa wake lilikuja kwa mstari mmoja, naye hakuona aibu kumsomea baba: "Unapendekeza kwa wananchi jambo ambalo wewe mwenyewe huwezi kulifanya?"

"Ana haki," Bwana Shamba alisema. "Nimeandika kama shahidi aliyesikia. Nitajifunza. Siku nikichimba ngoro ambayo fundi hairudii, nitamjibu kwamba nimeweza."

"Fundi gani?" baba aliuliza.

"Mama Frasia."

Frasia ni mimi. Mama Frasia alikuwa ndani akipepeta unga, na nilimwona akisimamisha ungo.

Lazima nieleze uzito wa jambo hili. Kwetu mwanamume hufyeka majani na kuyalaza. Kuchimba ni kazi ya mwanamke. Mwanamume mwenye jembe ndani ya ngoro ni kama mwanamume anayesuka nywele za mwenziwe: hakuna sheria inayokataza, lakini watu hupita mara mbili ili wahakikishe. Bwana Shamba alijiunga na kina mama katika kazi yao ya kusaidiana, ambapo leo wanalima kwa huyu na kesho kwa yule. Alipewa mstari wake mwishoni, pembeni kabisa, ambako makosa hayaonekani kutoka barabarani. Alikuja na kamba ya kupimia.

"Bwana Shamba," jirani yetu aliita siku ya kwanza, "hilo ni shimo la maharage au la kuzikia mbuzi?"

"La mbuzi, dada. Wewe mlete tu, mimi niko tayari."

"Na akifufuka?"

"Basi tutamla Pasaka."

Walicheka, na mikono iliendelea. Hapo ndipo nilipojua kwamba kina mama, mama yangu akiwemo, wana sauti nyingine wanapokuwa mlimani peke yao. Na kwamba Bwana Shamba alikuwa ameruhusiwa kuisikia. Nilitumwa kupeleka togwa, nikakawia kwa makusudi.

Mwisho wa kazi mama alikwenda kukagua. Alishuka ndani ya shimo la Bwana Shamba, akabonyeza ukingo kwa kisigino, akainama kutazama chini.

"Bado, Bwana Shamba."

"Kosa liko wapi?"

"Kingo zote nne umezifanya sawa. Maji hayaji kutoka pande zote nne. Yanatoka juu. Ukingo wa chini ndio mlango, uwe mnene."

"Nimepima kwa kamba."

"Maji hayana kamba."

Aliandika hilo katika kidaftari, katikati ya Kiingereza. Wiki iliyofuata aliongeza ukingo wa chini, akasahau kuyafunika majani sawasawa. Bado. Msimu uliofuata aliacha kamba nyumbani. Akachimba haraka mno, bado. Alichimba polepole, na jua likazama kabla ya mstari kwisha, bado. Na kila alipopanda baiskeli na kuondoka, mama na jirani yetu waliurudia mstari wake, kwa sababu maharage ni chakula na chakula hakina upole. Walifanya hivyo bila kumcheka. Nakumbuka hilo vizuri, kwa kuwa nilitarajia wamcheke.

Misimu mitatu alichimba. Barua ya mkubwa wake ilikuwa bado haijajibiwa, na nadhani kufikia hapo mkubwa mwenyewe alikwishaisahau. Bwana Shamba hakuwa akimchimbia yeye tena. Nilimsikia akimwambia baba, "Nimepewa vyeti viwili na serikali mbili, moja ya malkia na moja yetu. Lakini nataka kusikia neno moja kwa mama huyu, basi." Baba, mtu wa mzaha, hakufanya mzaha.

Uhamisho wake ulikuja katikati ya msimu wa nne, wa kwenda wilaya nyingine, akipewa siku tano za kuondoka. Alikuja kuaga akiwa na sanduku la bati nyuma ya baiskeli. Mama alimpa maharage kwenye kikapu na jogoo aliyefungwa miguu. Waliamkiana kirefu, wakaulizana habari ambazo wote walikuwa nazo.

"Haya, Mama Frasia," hatimaye alisema. "Na hengi?"

Mama alitazama mlimani, ulikokuwa mstari wake wa juzi, ambao alikuwa bado hajaurudia. Alitazama kwa muda.

"Rudi msimu ujao," akasema.

Msimu ujao hakurudi, wala uliofuata. Hakuruhusiwa kuchagua, na barabara zetu hazikuwa za kutembelea. Mama, walipolima kwetu, aliacha kipande kile cha pembeni mpaka mwisho. Mtu akiuliza alisema ni cha Bwana Shamba, kwa sauti ile ile ambayo angesema ni cha kuku. Kisha siku ya mwisho alikichimba mwenyewe. Mimi nilikwenda sekondari nikiwa na miaka kumi na minne, kisha chuo kikuu, kisha mjini, nikawa mtu anayelipwa kwa kueleza jinsi watu wengine wanavyofanya kazi. Ninaweza kueleza ngoro kwa kurasa thelathini na tanbihi. Sijawahi kuchimba moja ikasimama.

Nilimwona tena mara moja tu. Nilikuwa nimeshuka ziwani, Liuli, kwa harusi ya rafiki yangu, mwezi wa tatu, kati ya mvua na mvua. Tulikuwa tukila mbasa wa kukaanga wakati shangazi wa bwana harusi aliposema wana mzee mmoja wa Tanga pale juu, alistaafia huku, akaoa mjane wa Kinyasa, mtu mzuri sana ila akili zake zina kasoro. Watu wote wanapanda mihogo yao kama binadamu, yeye anachimba mashimo. Wanamwita Mzee wa Mashimo.

Niliacha samaki.

Nyumba yake ilikuwa kwenye mteremko, ziwa lote likiwa chini yake. Alikuwa amekonda, na kofia ilikuwa imepata nafasi zaidi kichwani. Alitegemea fimbo. Nilimwambia shikamoo, akaniitikia kwa heshima anayopewa mgeni yeyote. Nilipotaja kijiji aliishika mikono yangu yote miwili.

"Frasia? Frasia aliyekuwa akikawia na togwa?"

"Ndimi, Bwana Shamba."

"Ulidhani hatukuoni." Alicheka, akamwita mke wake aje anione, akamwambia mimi ni msomi mkubwa, jambo ambalo hakuwa na ushahidi wowote nalo. Kisha, kabla hatujakaa: "Na mama?"

"Mama alifariki, mwaka wa tatu sasa."

Aliachia mikono yangu. Alisema maneno ya dua kwa Kiarabu, polepole. Mke wake alirudi ndani bila kuambiwa.

"Nilikuwa nikingoja magoti yapone nipande huko," akasema. "Yamekuwa yakipona miaka mingi."

Nilimwambia kwamba mama alikuwa akimtaja. Sikumwambia kuhusu kile kipande cha pembeni. Yeye alitikisa kichwa, akachukua fimbo, akaniongoza nyuma ya nyumba.

Zilikuwa ngoro labda ishirini, zimeshuka na mteremko kuelekea ziwani. Majani yalikuwa yamelala chini ya udongo, kingo zilikuwa zimesimama, na jembe lilikuwa bado limechomekwa penye kazi mpya. Watoto wa jirani walikuwa wamekaa juu ya jiwe wakitutazama, kama watu wanaotazama wendawazimu wawili badala ya mmoja.

"Hii ya mwisho nimeimaliza leo asubuhi," Bwana Shamba alisema. "Huku hakuna wa kumuuliza. Wao wanaona mashimo tu. Wewe umetoka tumboni mwa fundi." Alinyoosha fimbo. "Hebu itazame, mwanangu. Uniambie kweli."

Nilitazama. Niliona udongo mwekundu, wenye unyevu. Niliona ukingo wa juu na ukingo wa chini, na wa chini ulionekana mnene, au labda nilitaka uwe mnene. Nilitafuta kichwani mwangu kurasa zangu thelathini na sikupata hata moja inayosema kisigino kinapobonyeza ukingo husikia nini. Nyuma yangu mzee alikuwa akingoja. Nilijua ni jambo gani moja nililoweza kumpa, na kwamba hapakuwa na mwingine aliyebaki wa kumpa.

"Umepata," nikasema. "Umepata hengi, Bwana Shamba."

Alinitazama usoni, kisha akatazama viatu vyangu vya harusi, ambavyo vilikuwa bado juu kwenye majani makavu, nje ya shimo. Akatabasamu kwa upole mkubwa, kama unavyomtabasamia mtoto aliyekuletea maji kwenye kikombe kinachovuja.

"Ahsante, mwanangu," akasema. "Ila mama yako asingesema upesi hivyo."

Akanipa fimbo nimshikie, akaling'oa jembe, akashuka tena ndani ya shimo.